Wifi Tabu na Zabibu za Umeme

Wifi yangu Tabu alikuwa mwongo. Nasema mapema, asije mtu akadhani namsifia kwa sababu aliolewa na kaka yangu. Alidanganya juu ya umri wake, juu ya mchele wa kwao Tabora, juu ya nani kamaliza mboga, na alikuwa na uwezo wa kukuapia kwa Mungu huku mfupa wa kuku umelala mbele yake. Kwa hiyo aliposema kwamba vile vioo juu ya paa la Hoteli Zabibu viliwahi kuwaka, mji wa Dodoma ulikuwa na haki ya kucheka. Nami nilicheka na mji. Ningecheka na nani?

Hoteli Zabibu ilikuwa hoteli ya kula, si ya kulala, jirani na stesheni ya reli. Aliijenga Mgiriki mmoja zamani za ukoloni. Juu ya paa akapandisha bango zito la chuma, na juu ya chuma akafunga mirija ya vioo iliyopindwapindwa ikafanya kichala cha zabibu, jani huku na jani kule, na chini yake jina la hoteli. Taa ya neoni, ndivyo wasomi wanavyoiita. Sisi tuliita zabibu za umeme, kwa kejeli, maana huo umeme hatukuuona. Mgiriki aliondoka mara baada ya uhuru, hoteli akamwachia mpishi wake Batholomeo, Mgogo wa hapa hapa, na tangu hapo vioo vikabaki kula vumbi. Ndege walijenga humo. Watoto wa mtaa wa Kikuyu walikuja na manati kujifunzia shabaha.

Sasa hadithi ya Tabu ilikuwa hivi. Alikuwa binti mbichi, anatoka Tabora kwa treni kwenda kwa shangazi yake Morogoro. Treni ikasimama Dodoma giza linaingia. Akachungulia dirishani, akaona kichala cha zabibu kinawaka angani, rangi ya zambarau, majani ya kijani, na hakuna mti ulioshika kichala chenyewe. Akashuka akitazame vizuri. Alipogeuka, treni imeondoka na mzigo wake, na shangazi wa Morogoro hakumwona mpaka leo. Batholomeo, wakati huo bado mpishi wa Mgiriki, alimkuta amesimama barabarani amekodoa macho, akampa sahani ya wali, na kesho yake akampa kibao cha kusukumia chapati. Hakukiachia tena. Hapo hapo hotelini ndipo kaka yangu Uwesu, Mrangi wa Kondoa aliyekuja kuuza ng'ombe, alipomwona na kupoteza akili. Mimi nilimfuata kaka baadaye, nikaweka jiko langu la vitumbua barazani kwa Batholomeo, na hadithi ya zambarau nimeilishwa asubuhi na jioni mpaka nikavimbiwa.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kumshuhudia. Wiki chache baada ya Tabu kufika, taa iliungua, ndivyo alivyosema yeye. Dodoma ya siku hizo ilikuwa kijiji chenye stesheni, na hii ya sasa imejaa watu waliokuja na makao makuu, watajua nini? Waliobaki ni wazee wa Kigogo. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Tabu ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wagogo ni watani.

Mtani wako anaweza kukuvua kofia sokoni akaivaa yeye. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Akifiwa, utakwenda kumchekesha. Ukifa wewe, atakuja kukusema vibaya mbele ya jeneza, na ukoo wako utamshukuru. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, nacho ni kukasirika. Basi Batholomeo na Tabu walitaniana kila siku ya Mungu, jikoni, sokoni, hata kliniki. Batholomeo alimwita mpagazi, aliyezaliwa na mzigo kichwani. Tabu alimwita mlenda, kwamba ukimshika anateleza. Na kila mteja alipouliza kama ni kweli zile zabibu ziliwahi kuwaka, Batholomeo alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama Tabu kwa huruma, akasema maskini huyu dada alishuka kwenye treni na homa ya malaria. Wazee wote wa Kigogo mjini wakashika wimbo huo huo. Mmoja aliapa kwamba mwaka ule Dodoma haikuwa hata na umeme. Tabu alichemka, akawarushia unga, wakala chapati zake na kuendelea kumkana.

Ilikuwa raha kutazama. Lakini Uwesu alipokufa, Mungu amrehemu, nilianza kuona kwamba jambo lile linamuuma wifi. Wajukuu walikuwa wakimwomba hadithi ya bibi na zabibu za uongo. Za uongo, ndilo jina lake. Siku moja aliniambia, huku anapeta mchele bila kuniangalia, kwamba maisha yake yote aliyaanzisha kwa sababu ya taa ile, na kama taa haikuwaka, basi yeye ni mwanamke aliyeachwa na treni kwa upumbavu. Nilimwambia yote mawili yanawezekana. Alininunia siku kadhaa.

Kisha ikaja soko huria. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Mitumba ikajaa mpaka mlangoni pa msikiti, na Henry, mtoto wa Batholomeo, akarudi kutoka Dar es Salaam na suruali ya mikunjo na mipango. Mzee alikuwa amelala, figo zimemchoka, na Henry akatangaza kwamba hoteli itakuwa baa na duka la kisasa, na juu ya paa litakuja boksi la plastiki lenye picha ya chupa, linalowaka lenyewe. Bango la Mgiriki alishawaahidi wanunuzi wa vyuma chakavu, lori lao litakuja kulichukua.

Wakati huo kulikuwa na kijana Respicius, Mhaya mwenye digrii, ametumwa kuanzisha makumbusho ya mji katika iliyokuwa stoo ya mbolea. Mpaka hapo makumbusho yake ilikuwa na mikuki, taipureta ya Mjerumani na harufu ya mbolea. Alikuwa anakula kwetu mchana, na alipoziona zabibu alisahau ugali. Akamwendea Henry kuliomba bango. Henry akamjibu kwamba chuma ni chuma, na makumbusho iliyo maskini ikakumbuke vitu vingine. Tabu alikwenda kwa zamu yake, akamtukana Henry vizuri kabisa, matusi ya utani ya daraja la kwanza. Henry akatazama saa. Alikulia shule za bweni, huyu. Utani kwake ulikuwa ushamba wa wazee.

Batholomeo akafa kabla lori halijafika. Tabu alikuwa amekesha kwake kituo cha afya akimbembeleza, kwa njia yake, yaani kwa kumtukana, akubali hata mara moja kwamba taa iliwaka. Mzee alitabasamu, akatikisa kichwa, akafa bila kukubali. Sijawahi kuona mtu amekasirikia maiti kama wifi yangu siku ile.

Mazishini alikuja amevaa koti la marehemu na kofia yake, upawa mkononi. Alitembea kama yeye, mgongo umepinda, akachungulia sahani za waombolezaji na kurudisha nyama chunguni, akaonja chai na kumtemea mpishi lawama. Watu walicheka mpaka wafiwa wakashikana mabega. Padri mwenyewe alijifanya anakohoa. Jeneza lilipofika kaburini, Tabu akaketi juu ya rundo la udongo, miguu akaining'iniza shimoni, akakataa kuondoka.

"Batholomeo, huendi popote," akasema. "Iliwaka, haikuwaka? Sema kwanza. Umeniacha mwongo, mtani wangu. Ushahidi wangu wote unakwenda nao humo."

Wagogo wakacheka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa karibu, nikaona kwamba machozi yake hayakuwa ya mchezo. Na hapo Henry akafanya kosa ambalo hata mtoto wa darasa la pili wa Kigogo halifanyi. Alikasirika. Alimshika mkono, akamvuta juu, akamwambia ni mwanamke asiye na adabu, aondoke kwenye msiba wa baba yake.

Kicheko kilikatika. Baba zake wadogo walimgeukia kana kwamba amelipiga teke jeneza. Kumfukuza mtani msibani! Mmoja akamwambia kwa Kigogo maneno ambayo sikuyaelewa, ila Henry aliyaelewa, akasawijika. Mazishi yakasimama pale pale. Mtani akishakasirikiwa, hakuna kuzika mpaka aridhishwe, na anataja mwenyewe anachotaka. Wakampa mbuzi. Tabu akakataa. Wakaongeza mbuzi awe na mtoto. Akafuta pua kwa mkono wa koti la marehemu, akasema anataka zabibu.

Henry akaanza habari za lori na ahadi na vyuma. Baba mdogo akamuuliza baba yake akae juani mpaka lini. Padri akatazama saa, si kwa dharau kama Henry, ni kwa joto. Henry akasema achukue. Tabu akateremka kwenye udongo, akapiga jeneza kofi moja dogo, Batholomeo akazikwa.

Bango lilishushwa kwa kamba na kupelekwa makumbusho kwa mkokoteni, Tabu mbele kama bibi harusi. Tukaanza kazi uani. Respicius alileta brashi laini na glovu nyeupe, akatueleza sana. Tuliondoa viota, tukaosha vumbi jekundu la miaka yote kwa sabuni ya mche na khanga kuukuu, tukapiga chuma msasa mpaka mikono ikafa ganzi. Mirija mingi ilikuwa mizima. Maduara kadhaa ya zabibu yalikuwa yamepigwa manati. Na tulipomaliza kuosha tukabaki tunatazamana: vioo vilikuwa vyeupe tu. Vyeupe vya maziwa, havina rangi yoyote. Respicius akasema rangi hutoka ndani, ukiwasha. Nikamwambia wifi hiyo sasa ni habari njema kwa waongo, na akanipiga na kitambaa cha maji.

Vile vilivyovunjika vilitakiwa kupelekwa kwa mzee Zaidi, fundi wa vioo wa Kariakoo, huenda ndiye pekee aliyebaki nchini anayejua kupinda mirija ile motoni. Tulichora umbo la kila zabibu juu ya karatasi za mifuko ya saruji, na vipande vyenyewe Tabu akavifukia ndani ya gunia la pumba za mahindi ili visigongane. Akili nzuri. Tukapanda lori la mahindi, mimi na yeye mbele na dereva, gunia nyuma. Tukasahau kwamba njia inapita Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi.

Kibaigwa, gunia halipiti bila kuchomwa. Lori liliposimama tu, madalali wakaparamia nyuma na mabambo yao, vile vyuma vyenye mfereji wanavyotobolea gunia kuangalia mahindi ya ndani. Tulikuwa tunakunywa chai. Tukasikia mlio mmoja mwembamba, na dalali akachomoa bambo lake, akatazama vigae vya kioo kwenye kiganja, akatangaza kwamba haya mahindi ya Dodoma yana mchanga mkubwa sana. Siwezi kuyaandika aliyoambiwa na Tabu. Yule bwana hakuwa hata mtani wake.

Kwa hiyo mzee Zaidi alipokea vipande vingi zaidi ya vilivyopigwa manati. Alivitazama kwa miwani mbili. Tabu akamweleza: zambarau. Mzee Zaidi akasema, kwa upole, kwamba mabango ya zama zile aliyoyaona yeye yalikuwa mekundu karibu yote, na gesi aliyonayo dukani ni nyekundu. Hivi vilivyovunjika vimeshapoteza gesi yao, haviwezi kusema kitu. Atavitengeneza vyekundu. Vizima vilivyobaki Dodoma vitajisemea vyenyewe siku atakapokuja kufunga transfoma. Na kama ni vyekundu, mama, ni vyekundu.

Habari ilifika Dodoma kabla yetu. Wazee wa Kigogo walifurahi kuliko siku ya uhuru. Ikawa wanampita Tabu sokoni na kumwambia kwa sauti ya mazishi: nyekundu. Alijibu, lakini nilijua anavyojibu akiwa sawa, na hakuwa sawa. Akianza kusukuma chapati zinatoka pembe tatu. Akaniuliza kama mtu anaweza kuota kitu akiwa macho, amesimama, akakiamini hadi uzee. Nikamwambia anaweza sana. Nilitaka kumfariji, wallahi, ila mdomo wangu haujazoea kazi hiyo.

Henry alikuwa akipita makumbusho jioni, mikono mfukoni, kutazama chuma chake kinavyong'arishwa. Tabu alikuwa akimwita mwizi wa mbuzi, mvaa suruali za marehemu Mzungu, kila kitu. Na yeye alisimama wima akajibu, "Shikamoo, mama." Ikawa hivyo kila jioni.

"Mtu gani huyu," wifi aliniambia, "unamtukana anakuamkia." Kisha akasema tangu Batholomeo aende zake hakuna mtu anayemjibu sawasawa. Wale wazee wa sokoni wanarudia neno moja tu. Batholomeo alikuwa na neno jipya kila siku. Akasema anamkosa yule mlenda kuliko anavyomkosa mumewe. Mimi dada wa mume nilikuwa nimekaa pale pale. Nilimsamehe kwa sababu alikuwa analia.

Siku ya kuwasha ikafika, na ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Respicius alizunguka ofisi nzima ya umeme akiomba upande wetu usikatwe jioni ile. Walikuja watu wengi kuliko waliowahi kuingia makumbusho. Mgeni rasmi alihutubia juu ya urithi wa taifa na wawekezaji, akavichanganya, akarudia. Wagogo wazee walikaa mstari wa mbele kama mahakama. Mzee Zaidi alikuwa ameshafunga transfoma yake, amesimama karibu na swichi, na bango liko ukutani, safi, jeupe, kimya. Tabu alivaa doti mpya. Nilimshika mkono ukawa wa baridi, kwenye joto lile.

Giza lilipoanza kuingia, mgeni rasmi akavuta swichi. Transfoma ikanguruma. Zikawaka zabibu chache, hapa moja, pale mbili, nyekundu kama kaa la moto.

Nyekundu. Wazee wakaangua kicheko, mmoja akapiga fimbo chini. Wifi akaachia mkono wangu. Nilitaka kuwafuata wale wazee niwang'oe ndevu moja moja, na nimewacheka waongo maisha yangu yote, lakini si hivi, si mbele yake. Mzee Zaidi akainua kidole akasema subirini, hizo ni zangu mimi, mpya. Hizi kuukuu zimelala muda mrefu, zinahitaji kupata joto.

Tukasubiri. Jani moja likacheza, likazima, likacheza tena. Kijani. Kisha kutoka chini ya kichala, polepole, kama mtu anayeamka asubuhi bila kutaka, zabibu moja ikaingia rangi, na ya jirani yake, na ya juu. Zambarau. Zambarau ya kweli, ya mtu kutaka kuilamba, ikapanda mpaka kichala chote kikajaa na zile chache nyekundu zikaonekana kama zimeiva kupita kiasi. Ikatupata usoni sote. Kofia za wazee zikawa zambarau. Hakuna aliyecheka.

Watu wakaanza kupiga makofi, wakamgeukia Tabu, wakampa mikono. Respicius alimkumbatia. Mzee mmoja wa Kigogo alivua kofia, akamwambia dada, tusamehe. Na nilidhani wifi ataruka, atapiga vigelegele, atatutukana sote mpaka asubuhi. Hakufanya kitu. Alisimama anatazama huku na huku kwenye umati, mdomo umefunguka, anatafuta mtu. Nikaelewa anamtafuta nani. Aliyetaka kumshinda hakuwepo. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyeshindwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeachwa na treni mara ya pili.

Hapo Henry akatoka nyuma ya watu. Shati lake jeupe lilikuwa limegeuka zambarau tangu kola mpaka mkanda, pua zambarau, meno zambarau. Akaja akasimama mbele ya Tabu. Nilidhani atamwamkia.

"Mama mpagazi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni, "tumekaa hapa mpaka tumechoka. Hiyo taa yenyewe mtawasha saa ngapi?"

Hata mgeni rasmi aliacha kutafuna. Wifi alimtazama Henry, akamtazama sana, na uso ukaanza kuvunjika upande mmoja, sikujua ni kilio au kicheko, na sidhani yeye alijua. Kisha akainama akavua kandambili. Henry alikuwa ameshaanza kukimbia. Walizunguka makumbusho mara nyingi, yule mama na unene wake, akimtukana ukoo mzima kuanzia babu, machozi yanamchuruzika, na Henry anapiga kelele kwamba haoni njia, kuna giza, mtu amwashie taa. Wazee wa Kigogo walikuwa wamesimama juu ya viti wakimshangilia mtoto wao. Mimi nilibaki nimemshikia wifi mkoba.